Unajifunza tarot? Daftari kwanza

Wanaojifunza tarot (zile karata za picha za kuagulia) jamani, msianze na kukariri karata zote 78, utachoka wiki ya kwanza tu. Toa moja kila asubuhi, iangalie vizuri, andika unachokiona, huyo mtu anafanya nini, kageukia wapi, ndo baadae ufungue kile kijitabu kinachokuja na pakiti. Usiku rudi uandike siku ilivyokwenda, na usidanganye, kama karata haikugusa kitu andika haikugusa.

Pakiti ya kuanzia mi nasema ile iliyochorwa na Pamela Colman Smith, ilitoka London 1909, maana hata karata za namba zina picha za watu, kuna pakiti za zamani ukitoa karata ya vikombe sita unaona vikombe sita vimechorwa basi, utasoma nini hapo (na tarot yenyewe ilianza Italia kama mchezo tu wa karata, mambo ya kuagulia yamekuja mbele huko).

Ukitaka kuonja kitu kingine jaribu ramli, na hii haina cha kununua. Chora mistari minne ya nukta bila kuhesabu, ukimaliza ndo uhesabu, mstari wenye idadi witiri unaandika nukta moja, wenye shufwa unaandika mbili, unazipanga juu mpaka chini unapata umbo moja kati ya 16. Zamani walichora mchangani, na raml kwa Kiarabu ni mchanga, ila kalamu inatosha, na umbo nalo liingie kwenye daftari lilelile.