Foronya za mito ya kochi: upimaji na uchaguzi wa kitambaa

Somo hili nimeliahirisha mara mbili, maana kila nikikaa kuliandaa anabisha hodi mtu na kitambaa ambacho ameshakikata. "Dada, nimepungukiwa kidogo tu." Hiyo kidogo tu huwa ni sentimita nne, na sentimita nne huwezi kuziazima kwa jirani. Kwa hiyo leo cherehani hatuigusi. Tunashika futi kamba, tunakwenda dukani, tunarudi kwenye beseni la maji. Kushona kwenyewe ni mistari iliyonyooka, mtoto wa darasa la sita anaiweza.

Hatua ya 1: Pima mto wenyewe

Usipime foronya ya zamani. Imefuliwa, imevutika, imerudi, itakudanganya. Ivue, utingishe mto mpaka sufi au sponji ikae sawa, kisha laza futi kamba kutoka mshono hadi mshono ukipita juu ya tumbo la mto. Pima upana, pima na urefu, hata kama kwa macho unauona mraba. Nina mito minne niliyoinunua siku moja kwa mtu mmoja: mitatu ni sentimita 45 kwa 45, wa nne ni 45 kwa 43. Kwa macho ni mapacha.

Tuchukue huo wa 45. Punguza 2, ibaki 43. Foronya inayolingana kabisa na mto hulegea baada ya muda mfupi, pembe zikaning'inia kama masikio ya mbuzi. Ikiwa ndogo kidogo, mto unaijaza vizuri. Ila mto wa sponji ngumu ya kipande kimoja haubonyei, huo punguza 1 tu au uache kama ulivyo.

Kwenye 43 ongeza mshono, sentimita 1.5 kila upande, yaani 3. Unapata 46. Kipande cha mbele ni 46 kwa 46.

Hatua ya 2: Hesabu ya mgongo

Ninaopenda ni mgongo wa bahasha, vipande viwili vinavyopandana katikati, bila zipu wala vifungo. Chukua 46, ongeza 12 za kupandana, ni 58. Gawanya kwa mbili, 29. Kila kipande kiongezee 3 za pindo (unakunja 1, halafu 2), unapata 32. Migongo ni miwili, kila mmoja 32 kwa 46.

Usipunguze kupandana chini ya 10. Mto ukikaliwa, mgongo unafunguka na sponji inachungulia wageni.

Sasa panga vipande hivyo kwa mstari: 46, 32 na 32. Jumla 110. Iandike kiganjani, ndiyo utakayokwenda nayo dukani.

Hatua ya 3: Dukani

Swali la kwanza si bei, ni upana wa jora. Vitenge vingi vina upana wa inchi 45 hivi, yaani karibu sentimita 115, kwa hiyo 110 yetu inaenea kwa mstari mmoja na kingo unazipunguza. Vitambaa vya makochi mara nyingi ni 140 hivi, na vya mapazia vipo vya 280. Ukishajibiwa, pima mwenyewe. Muuzaji hakasiriki, na akikasirika vuka barabara, hapa Mwanza mtaa wa Makoroboi hauna uhaba wa maduka.

Swali la pili: unauza kwa yadi au kwa mita? Yadi ni sentimita 91.4. Kwenye yadi sita tofauti yake na mita sita inapita nusu mita, yaani foronya nzima ya 46 imeyeyuka.

Halafu kitambaa chenyewe. Kiinue mlangoni penye mwanga: ukiona vidole vyako upande wa pili, ujue utahitaji bitana, kitambaa cha kuweka kwa ndani. Kifumbate ngumini uhesabu mpaka kumi, uachie; kikibaki na makunyanzi ya uso wa mzee, kitakusumbua kwa pasi maisha yake yote. Vuta nyuzi za pale kilipokatwa. Zikitoka kwa wingi bila kulazimishwa, mshono wa 1.5 hautoshi, weka 2 na upige overloki, ule mshono wa kufunga nyuzi za ukingo. Mwisho lowesha kona ya leso nyeupe, sugua palipokolea rangi. Leso ikibadilika, hicho kinachuja.

Kwa huku kwetu mimi naangalia mambo mawili zaidi. La kwanza ni jua. Nyumba nyingi za miambani zina madirisha yanayotazama ziwa upande wa magharibi, na jua la alasiri likiingia halina huruma na rangi kali. Kwa barazani nachukua dengirizi, kile kitambaa kigumu cha pamba, ya rangi ya udongo au kijivu, kitenge nakiweka ndani. La pili ni kufua. Ukikaa karibu na soko la samaki la Mwaloni Kirumba, harufu ya dagaa inahamia ndani kama mpangaji, na vumbi la kiangazi linajua njia yake. Pamba unaifua kila wiki na haikulalamikii. Mahameli inapendeza, sikatai, lakini kuifua na kuikausha ni kazi. Tena ina manyoya yanayolala upande mmoja: pitisha kiganja, kata vipande vyote manyoya yakielekea chini, la sivyo mto mmoja utaonekana mweusi na mwenzake kahawia.

Wazee wanaoikumbuka Mwatex, kiwanda cha nguo cha hapa Mwanza, wanatuambia tunapuuza pamba tukiwa katikati ya Usukuma, kwenye pamba yenyewe. Katika hili nakubaliana nao.

Hatua ya 4: Ununue kiasi gani

Ile 110 imelala kwenye upana, kwa hiyo kila foronya inakula 46 tu za urefu. Foronya tano mara 46 ni 230. Mtu anasema yadi mbili na nusu zinatosha. Piga hesabu: ni 228.6. Umeshapungukiwa kabla hujalipa. Nunua yadi tatu, yaani 274. Kikirudi kwa asilimia 5 kinabaki 260, na bado una kiporo cha kurekebishia makosa.

Kama kina maua makubwa unayotaka yakae katikati ya kila mto, hesabu inabadilika. Pima kutoka ua moja hadi ua lile lile linapojirudia. Tuseme ni 30. Basi kila foronya haitakula 46 bali 60, maana utaruka hadi ua linalofuata. Tano ni mita 3. Hapo ndipo wengi wanapoishiwa kitambaa na kulaumu mkasi.

Hatua ya 5: Fua kabla ya kukata

Hili nimelipia. Mwaka mmoja nilishona foronya tano za kitenge usiku kucha kwa ajili ya ugeni, nikazisifia mwenyewe. Zilipofuliwa mara ya kwanza mito ikagoma kuingia, na mmoja nilipoulazimisha mshono ukafumuka mbele ya mama mkwe. Pamba hurudi, mara nyingi asilimia 3 hadi 5, na kwa urefu zaidi kuliko upana. Kitambaa kipya pia kina wanga; ukiutoa ndipo unajua umenunua nini. Kiloweke, kifue kama utakavyokifua siku zote, kianike kivulini, kipige pasi kikiwa na unyevu. Kisha pima upana upya. Ukikuta umeshuka chini ya 110, punguza kupandana kuwe 10: migongo inakuwa 31, jumla 108.

Hatua ya 6: Kuchora na kukata

Vuta uzi mmoja wa mshindio, yaani unaokwenda kwa upana, kutoka ukingo hadi ukingo, utakuachia mstari ulionyooka kweli. Mimi natandika sakafuni na kufuata mistari ya marumaru kupata pembe mraba. Kipande chembamba cha sabuni kinachora vizuri kama chaki ya fundi. Kata mbele zote kwanza, migongo baadaye.

Maswali ya wanakikundi

Kutoka Nansio: Dada, kanga inafaa? Ninayo doti ambayo siivai.

Inafaa, mama, ila ni nyepesi, itie bitana ya bafta. Kipande kimoja kina kama 150 kwa 110, kitakupa foronya mbili kwa raha. Pima jina kwanza, kwa sababu majina mengi ni marefu kuliko 43. Wifi yangu alikata bila kupima, mto wake ukabaki umeandikwa USIJE, na ndio uliokaa kochi la mlangoni.

Kutoka Buswelu: Na mto wa kukalia wenye unene? Sponji yangu ni 55 kwa 55, unene 10.

Hapo hatupunguzi kitu. Juu na chini ni 58 kwa 58 kila kimoja. Mkanda wa kuzunguka pande tatu una upana wa 13 na urefu wa 168, unaruhusiwa kuunga. Upande wa nyuma wenye zipu kata vipande viwili vya 8 kwa 58. Kwenye kitambaa cha 140, laza 58 mbili pamoja, ile 24 inayobaki pembeni inatoa vipande vya zipu, halafu chini yake kata mikanda miwili ya 13. Mto mmoja unakula kama 85. Kwa kochi la watu watatu chukua mita 3.

Kutoka Sengerema: Nimebakiwa na kitambaa cha pazia mita moja na nusu, upana 280. Nitapata ngapi za 45?

Sita. Mstari wa kwanza kata mbele sita, zinakula 276. Mstari wa pili migongo minane, wa tatu minne. Mistari mitatu ni 138. Ila kifue kwanza upime tena.

Kutoka Musoma: Mimi nataka zipu, bahasha sizipendi.

Sawa, kaka. Mgongo unakuwa kipande kimoja cha 46 kama mbele, zipu inakaa kwenye mshono wa chini. Kwenye upana wa 140 vipande vitatu vya 46 vinaenea. Zipu ya 35 inatosha, usiipeleke hadi kwenye pembe.

Kutoka Igoma: Shikamoo dada. Mimi nimeshakata jana. Zimetoka 44 badala ya 46.

Marahaba, mdogo wangu. Nilijua utakuwepo. Mito ni ya sufi? Kama ni ya sufi, shona kwa mshono wa 1, utapata 42 na mto utaingia, utakuwa umebana tu. Pitisha mshono mara mbili, au wapelekee mafundi wenye overloki. Kama ni sponji ngumu, kata mkanda wa rangi nyingine wenye upana wa 5, uunge upande mmoja wa upana na mmoja wa urefu, mbele na migongo. Utapata ziada ya 3. Na kilichobaki usikiguse mpaka ukifue.