Maji na protini ya kwinoa: jinsi ya kupima tofauti shambani, Mtwara na Lindi

Kwinoa, mmea wa mbegu ndogo zinazoliwa kama nafaka, ikinyimwa maji wakati inajaza mbegu, asilimia ya protini mara nyingi hupanda, na hapo ndipo watu hupotea. Kwa kawaida protini haijaongezeka, ni wanga uliopungua. Kwa hiyo jaribio la maji lazima litoe hesabu mbili kwa kila jaruba: protini katika gramu 100 za mbegu, na protini yote iliyovunwa. Ukileta moja tu, anayekusikiliza anaweza kwenda kuwanyima wenzake maji akidhani anawaongezea lishe.

Sababu utaiona kwa macho. Loweka mbegu chache kwa saa moja, ikate moja katikati kwa wembe mpya, itazame kwa lenzi. Pembeni kuna kiinitete kilichojikunja kama pete. Katikati kuna sehemu nyeupe ya unga. Protini na mafuta mengi viko kwenye ile pete, wanga uko katikati. Ukame wa mwishoni huibana zaidi ile sehemu ya katikati, mbegu inakuwa ndogo, na pete inachukua nafasi kubwa zaidi. Ukame wa mapema una tabia nyingine: nitrojeni hufika kwenye mizizi ikiwa imebebwa na maji, hivyo udongo ukikauka kabla mmea haujakula mbolea ya kutosha, hata asilimia inaweza kushuka.

Msimu na mahali

Fanya jaribio kiangazi. Mvua za Mtwara na Lindi huanza kati ya Novemba na Desemba na kwisha Aprili au Mei. Ndani ya msimu huo huwezi kutawala maji. Panda wiki ya kwanza ya Juni. Kipindi cha maua kitaangukia miezi yenye ubaridi, na hilo ni muhimu kwa sababu joto linalozidi nyuzi 35 wakati wa maua huharibu chavua. Aina nyingi hukomaa kati ya siku 100 na 120, kwa hiyo utavuna mwishoni mwa Septemba, kabla mvua hazijarudi. Chagua aina zinazotoka maeneo ya chini, kama pwani ya Chile. Zile za milima mirefu ya Bolivia hazipendi joto letu. Mbegu ya kutoka nje iingie kwa kibali cha Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu (TPHPA).

Mabonde kama ya Lukuledi yanavutia kwa sababu maji yako karibu, lakini ukaribu huohuo unaweza kuharibu kazi yote. Mizizi ya kwinoa inaweza kushuka zaidi ya mita moja. Chimba shimo la mita 1.5, ukikuta tope au maji, jaruba lako "kavu" litakuwa linanyweshwa kutoka chini bila wewe kujua. Sogea ukingoni, penye mchanga mkavu. Kama huna eneo la namna hiyo, tumia ndoo za lita 20 zilizotobolewa chini, mimea miwili kila ndoo. Maji ya visima vya pwani yaonje kwanza: kwinoa huvumilia chumvi, ila chumvi huuzuia mzizi kuvuta maji sawa na ukame, na mwishoni hutajua umepima kipi.

Majaruba

Tengeneza majaruba 12 ya mita 3 kwa 2, katika makundi manne ya matatu. Acha mita 1.5 kati ya jaruba na jaruba, maana maji hutambaa pembeni. Ndani ya kila kundi piga kura ya vikaratasi kujua jaruba lipi linapata maji gani. Usiyapange kwa macho, kwa sababu mkono huvutwa kuyapa maji mengi majaruba yaliyo karibu na kisima.

Kila jaruba lina mistari mitano iliyoachana sentimita 40. Mbegu izame sentimita 1 hadi 2, si zaidi. Kiasi cha gramu 6 kwa jaruba kinatosha. Zungushia majivu ili sisimizi wasizibebe. Miche ikifika kimo cha kiganja, ipunguze ibaki mmoja kila sentimita 10. Palilia kwa kufuata mstari, kwa sababu mche wa kwinoa hufanana sana na mchicha pori na ni rahisi kung'oa usichokusudia.

Mbolea iwe sawa kila mahali, na iishe kabla hujaanza kutofautisha maji. Urea gramu 130 kwa jaruba ni sawa na kilo 100 hivi za nitrojeni kwa hekta: nusu siku ya kumi baada ya kuota, nusu siku ya 28. Fukia kisha mwagilia. Ukichelewesha awamu ya pili hadi majaruba makavu yameshakauka, urea italala juu bila kuliwa, na tofauti utakayopima itakuwa ya mbolea.

Kupima maji

Milimita moja ya maji kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Anza na milimita 2 kwa siku miche ikiwa midogo, kisha milimita 4 majani yakishafunika udongo. Jaruba la mita 6 za mraba linahitaji hapo lita 24 kwa siku. Mwagilia kila siku ya tatu: lita 72, yaani madumu matatu ya lita 20 na lita 12 juu yake. Mchanga wetu haushiki maji mengi, kwa hiyo usijaribu kumwaga ya wiki nzima kwa mara moja. Yatapita chini ya mizizi na kuondoka na nitrojeni. Maji yaliyozidi nayo hushusha protini kwa njia hiyo.

Hadi siku ya 35 majaruba yote yanapata sawa. Baada ya hapo:

A: kiasi kamili hadi majani yaanze kuwa njano.
B: nusu, lita 36, siku zilezile, hadi mwisho.
C: kiasi kamili hadi maua yamalizike na mbegu ikibinywa itoe maji meupe kama maziwa, kuanzia hapo robo, lita 18.

C ndilo jaruba la kulitazama kwa karibu, kwa sababu linatenganisha ukame wa kujaza mbegu na ukame wa maisha yote.

Weka kopo lenye kuta zilizonyooka katikati ya shamba. Kusi huweza kuleta manyunyu. Pima kwa rula, andika, na punguza kiasi hicho kwenye maji ya zamu inayofuata. Mvua ikizidi milimita 20 wakati wa kujaza mbegu, C halifai tena kuwa jaruba la ukame, na inabidi ripoti iseme hivyo.

Mavuno na sampuli

Funika kwa wavu mbegu zinapoanza kugumu, la sivyo ndege watavuna kabla yako. Mbegu imeiva pale ukucha unaposhindwa kuichubua. Vuna mistari mitatu ya kati tu, ukiacha nusu mita kila ncha. Eneo hilo ni mita 2.4 za mraba. Masuke ya kila jaruba yaingie kwenye mfuko wake wenye namba. Anika juu ya turubai, kamwe si juu ya ardhi: chembe za mchanga hupita kwenye ungo pamoja na mbegu, huongeza uzito na kushusha asilimia ya protini. Suke likilowa baada ya kukomaa, mbegu huweza kuota humohumo, na protini ya akiba huanza kuvunjwa. Sampuli ya namna hiyo itupwe.

Usioshe mbegu za maabara. Povu chungu la saponini linamshawishi kila mtu kuosha, lakini albumini, sehemu kubwa ya protini ya kwinoa, huyeyuka kwenye maji na nyingine zitaondoka na povu. Sugua mbegu kavu kwa kitambaa kigumu, muda uleule kwa kila mfuko, kisha pepeta.

Hesabu mbegu 1,000 za kila jaruba na uzipime. Kwa kawaida ni gramu 2 hadi 4. Namba hii ya bei nafuu ndiyo inayokuambia kama asilimia imepanda kwa sababu mbegu imesinyaa.

Peleka gramu 100 kwa kila jaruba kwenye maabara ya chakula, kama zile za Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), Morogoro. Omba unyevu, na nitrojeni kwa njia ya Kjeldahl, majibu yatolewe kwa uzito mkavu, na uulize wamezidisha nitrojeni kwa namba gani kupata protini. Nyingi hutumia 6.25. Fahamu kwamba Kjeldahl huhesabu pia nitrojeni isiyo ya protini. Mmea wenye kiu hutengeneza prolini na betaini kujikinga, nazo zina nitrojeni ingawa si protini. Bajeti ikiruhusu, omba protini itenganishwe kwanza kwa asidi ya trikloroasetiki, walau kwa majaruba ya A na C. Ukitaka kujua ni aina ipi ya protini iliyobadilika, globulini ya 11S iitwayo chenopodini au albumini ya 2S (ndizo protini kuu mbili za akiba za mbegu), kipimo chake ni elektroforesi ya jeli, yaani kuzitenganisha protini kwa umeme.

Hesabu ya mwisho ni fupi. Tuseme, kwa mfano tu, A limetoa gramu 450 za mbegu kavu zenye protini asilimia 13: ni gramu 58.5. C limetoa gramu 300 zenye asilimia 15: ni gramu 45. C limeshinda kwenye cheti cha maabara na limeshindwa kwenye sufuria.

Usihamishe majibu haya moja kwa moja kwenye choroko, kunde au mbaazi. Hizo hupata nitrojeni kupitia vifundo vya mizizi, na ukame hudhoofisha vifundo hivyo mapema, kwa hiyo zinahitaji jaribio lake, bila urea.

Bakiza gramu 50 za kila jaruba kwenye chupa kavu iliyofungwa, mbali na joto, hadi majibu yote yatoke. Majibu ya majaruba manne yenye kiwango kimoja cha maji yakipishana sana, zirudishe sampuli mbili zilizo mbali zaidi zipimwe upya kabla ya kulaumu maji.