Jinsi ya Kusoma, na Kuanza, Utafiti wa Huduma za Majeruhi Kabla ya Hospitali

Dawa na vifaa vingi vinavyotumika leo kuwahudumia majeruhi kabla hawajafika hospitali vilipata sifa vitani, hasa Iraq na Afghanistan, ndipo vikahamia kwa raia. Mwongozo huu umeandikwa kwa muuguzi, tabibu au mwanafunzi anayetaka kupima kama matokeo hayo yanamfaa majeruhi wa bodaboda anayeshushwa mlangoni usiku, na ambaye pengine anafikiria kuanzisha utafiti mdogo mahali anapofanya kazi. Vitabu vya takwimu vina orodha ndefu za mambo ya kukagua, nami sizibezi, lakini katika fani hii maswali mawili hufichua kasoro nyingi kuliko mengine yote: ni nani hakuhesabiwa, na saa ilianza kuhesabiwa lini.

Waanze waliokufa

Mwaka 2012 Brian Eastridge na wenzake walichapisha uchambuzi wa vifo 4,596 vya askari wa Marekani vilivyotokea kati ya mwaka 2001 na 2011. Asilimia 87 ya waliokufa hawakuwahi kufika hospitali. Karibu robo ya hao walionekana kuwa na majeraha ambayo wangeweza kupona, na kati ya robo hiyo, kilichoua kwa takriban asilimia 91 kilikuwa kuvuja damu. Tarakimu hizi hunukuliwa kila mahali, ila ni wachache wanaouliza zilipatikanaje. Zilipatikana kwa sababu maiti za askari hao zilipelekwa Dover, jimbo la Delaware, na kufanyiwa uchunguzi, kwa hiyo hata aliyekufa dakika ile ile ya mlipuko aliingia katika hesabu.

Kwa raia mambo si hivyo. Anayefia barabarani hupelekwa moja kwa moja chumba cha maiti, na penye Waislamu huenda akazikwa siku hiyo hiyo, bila jina lake kugusa kitabu cha mapokezi. Utafiti unaohesabu waliofika hospitali pekee utakuambia habari za watu ambao tayari walikuwa na nguvu za kustahimili safari. Unapofungua makala yoyote, basi, kabla ya kusoma hitimisho, chukua karatasi uandike namba nne kwa mfuatano: waliojeruhiwa, waliosafirishwa, waliofika wakiwa hai, na waliochambuliwa. Pale namba inapokosekana, weka alama, kwa kuwa ndipo ulipo udhaifu wa hitimisho.

Kwa utafiti wako mwenyewe utahitaji vitabu vitatu: kitabu cha mapokezi cha idara ya dharura, daftari la chumba cha maiti, na kitabu cha matukio cha kituo cha polisi. Oanisha taarifa kwa tarehe, jinsia, umri wa kukadiria na mahali pa ajali. Usitegemee majina peke yake, maana Juma Ally wa polisi ndiye Ali Juma wa hospitali, na katika chumba cha maiti ameandikwa "mwanamume, hajulikani". Kazi hii inachosha, na hakuna programu ya kompyuta itakayokufanyia, lakini bila hiyo huna msingi wa kugawia asilimia yoyote.

Uchambuzi huo wa Eastridge una funzo jingine ambalo wauzaji wa vifaa hawapendi kulitaja. Kati ya waliovuja damu hadi kufa ilhali wangeweza kuokolewa, theluthi mbili walivuja ndani ya kiwiliwili, na asilimia 13.5 tu ndio waliovuja mkononi au mguuni, ambako mkanda wa kubana unaweza kufungwa. Mkanda unaokoa maisha, sina shaka na hilo. Hata hivyo, anayepanga bajeti ya vifaa vya huduma ya kwanza lazima kwanza ajue majeruhi wake wanavuja damu wapi. Askari huvaa fulana ya kinga na kofia ya chuma, ni kijana, ana afya, na mara nyingi hujeruhiwa kwa mlipuko au risasi. Abiria wa bodaboda hupasuka bandama na kuumia kichwa, na huenda ana miaka 60 na kisukari.

Kisha itazame saa

Jaribio la CRASH-2, lililochapishwa mwaka 2010, liliwahusisha majeruhi raia 20,211 katika hospitali 274 za nchi 40, waliogawanywa kwa bahati nasibu kupewa asidi ya traneksamiki, dawa ya kupunguza kuvuja damu, au dawa bandia, yaani isiyo na kiambata chochote cha tiba. Vifo vilikuwa asilimia 14.5 kwa waliopewa dawa na 16.0 kwa wasiopewa. Msomaji mwenye haraka huishia hapo. Mwaka uliofuata watafiti wenyewe waliwapanga majeruhi kwa muda uliopita tangu waumie, na sura ikabadilika. Waliopewa dawa ndani ya saa moja walikufa kwa kuvuja damu kwa asilimia 5.3, dhidi ya 7.7 ya wenzao. Waliopewa baada ya saa tatu walikufa kwa asilimia 4.4, dhidi ya 3.1, yaani dawa ile ile iliyookoa mapema ilionekana kudhuru ilipochelewa.

Mfano wa plazma, yaani sehemu ya majimaji ya damu, unanivutia zaidi. Mwaka 2018 yalichapishwa majaribio mawili ya Marekani, yote yakigharamiwa na Wizara ya Ulinzi, yaliyowapa majeruhi raia plazma wakiwa njiani. La kwanza, PAMPer, lilitumia helikopta, na vifo ndani ya siku 30 vilikuwa asilimia 23.2 kwa waliopewa, dhidi ya 33.0 kwa wasiopewa. La pili, COMBAT, lilifanyika kwa magari ya wagonjwa mjini Denver na halikuona faida yoyote. Data za majaribio yote mawili zilipounganishwa baadaye, faida ilijitokeza kwa waliosafiri zaidi ya dakika 20. Kwa hiyo hospitali iliyo mjini na ile inayopokea majeruhi kutoka kilomita 80 zinaweza kusoma makala zile zile na kufikia maamuzi tofauti, na zote zikawa sahihi.

Uliza pia saa ilianzia wapi. Mwaka 2009 Waziri wa Ulinzi wa Marekani, Robert Gates, aliagiza majeruhi mahututi wa vita wafikishwe kwenye matibabu ndani ya dakika 60. Dakika hizo zilihesabiwa tangu ombi la usafiri lilipopokelewa, si tangu risasi ilipoingia. Kwetu, ambako majeruhi wengi huletwa na bajaji, gari la polisi au msamaria mwema, mara nyingi hakuna simu iliyopigwa, na kwa hiyo hakuna mahali pa kuanzia hesabu ila kumbukumbu ya aliyeshuhudia.

Hapo ndipo sisi tunaozungumza Kiswahili tuna mtego wetu wa pekee. Niliwahi kusaidia kuingiza data za majeruhi kutoka hospitali moja. Fomu ilionyesha ajali imetokea saa 2:10 na majeruhi kupokelewa saa 20:50. Kompyuta ilikokotoa saa 18 na dakika 40, na mtu huyo akawekwa katika kundi la waliochelewa. Kumbe shahidi alisema "saa mbili na dakika kumi usiku", karani akaandika alichosikia, na muuguzi wa mapokezi akatumia saa ya ukutani. Muda halisi ulikuwa dakika 40. Tulipopitia fomu upya tulikuta nyingine kadhaa za namna hiyo. Tangu hapo kila fomu ninayoiandaa ina kisanduku cha maneno ya shahidi kama alivyoyatamka, kisanduku cha saa 24 kinachojazwa na mtafiti, na swali la kuhakikisha: je, ilikuwa kabla au baada ya adhana ya magharibi, au taarifa ya habari ya saa mbili? Watu hukosea dakika, lakini hawasahau kama walikuwa wamekwisha kula.

Kipimo cha ukali wa majeraha

Huwezi kulinganisha makundi mawili bila kujua nani aliumia zaidi. Ushahidi wa mkanda wa kubana unaonyesha sababu. Katika hospitali ya jeshi la Marekani mjini Baghdad, John Kragh na wenzake waliona kwamba waliofungwa mkanda kabla ya kuingia katika mshtuko wa kupoteza damu walipona kwa asilimia 90, na waliofungwa baada ya hapo kwa asilimia 10. Pengo hilo si kazi ya mkanda peke yake, kwani aliye katika mshtuko ameshapoteza damu nyingi na ni mgonjwa zaidi tangu mwanzo.

Kwa mazingira yetu napendekeza Kipimo cha Majeraha cha Kampala, kilichobuniwa Uganda na Olive Kobusingye na Ronald Lett. Kinahitaji mambo matano tu: umri, shinikizo la damu, kasi ya kupumua, hali ya fahamu na idadi ya majeraha makubwa. Hakihitaji picha wala maabara. Mfundishe kila mpokeaji, kisha uwape wawili majeruhi yule yule wampime kila mmoja peke yake. Wakitofautiana mara kwa mara, rudia mafunzo kabla ya kukusanya data.

Ridhaa ya asiyeweza kusema

Jeshini amri hurahisisha mengi, na ndiyo maana ridhaa ya askari huhitaji uangalizi wa ziada. Kwa raia tatizo ni tofauti: majeruhi hana fahamu, ndugu hajulikani, na dakika zinapita. Tangu mwaka 1996 kanuni za Marekani zinaruhusu baadhi ya majaribio ya dharura kuanza bila ridhaa ya mtu binafsi, kwa masharti makali yakiwemo kushauriana na jamii kwanza. Usiichukue kanuni hiyo ukadhani inakuhusu. Tanzania utapeleka andiko lako kwenye kamati ya maadili ya taasisi yako na NIMR, yaani Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Kenya utahitaji kamati ya maadili iliyoidhinishwa pamoja na leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu. Utafiti wa kupitia daftari, bila kubadilisha matibabu ya mtu, ndio mwanzo ninaoushauri. Hata huo usiuanze kabla kibali hakijatoka, na katika andiko eleza wazi ni nani atayaona majina, yatafutwa lini, na ndugu wa marehemu wataelezwa nini watakapofika kuuliza.