Somo: Jinsi ya kuiona Apophis kwa macho, Aprili 2029

Wakuu, habari za hiki kijiwe cha angani zimejaa chumvi, wengine washaanza kuhubiri kiama. Tuliambizane lililopo. Apophis ni asteroidi yenye upana wa mita 340 hivi, na itatupita kwenye kimo cha kilomita kama 32,000. Dishi lako la TV linatazama setilaiti iliyo mbali kuliko hapo!

Hatua ya 1: Andika tarehe. Ni Ijumaa, 13 Aprili 2029. Itakuwa karibu nasi kabisa saa sita na dakika 46 usiku wa kuamkia Jumamosi, saa zetu za Afrika Mashariki. Lakini usisubiri saa hizo, maana itakuwa imeshafika Atlantiki, na kwetu itakuwa chini sana magharibi. Toka mapema, baada ya Isha.

Hatua ya 2: Kimbia taa. Mng'ao wake ni wa nyota ya kawaida tu, haifikii Zuhura hata kidogo. Kariakoo huioni. Bahati nzuri mwezi utakuwa mwandamo, giza totoro.

Hatua ya 3: Zima simu, macho yazoee giza dakika 20. Ukishaikagua simu mara moja, unaanza upya.

Hatua ya 4: Tafuta nyota inayohama. Itatokea upande wa Bahari ya Hindi ikienda magharibi, taratibu kuliko setilaiti. Ilinganishe na nyota ya jirani, kisha rudi kuitazama baada ya dakika tano. Siku zikikaribia, programu ya Stellarium itakuonyesha njia yake kamili ukiiwekea mji wako.

MASWALI

– Mkuu, na ikitudondokea?
Haidondoki. Ilipogunduliwa 2004 hesabu za mwanzo za uwezekano wa kutugonga zilifika asilimia 2.7, ndipo hofu ilipoanzia. Vipimo vya rada vya Machi 2021 vimeondoa hatari kwa miaka 100 angalau.

– Kwa hiyo hiki ni kimondo kama kile cha Mbozi?
Hapana mkuu. Cha Mbozi kilishatua, unaweza kwenda kukigusa. Hii inapita tu.

– Darubini ni lazima?
Si lazima. Ukiwa nayo, beba.

– Aprili si masika? Mawingu je?
Hapo umenishika. Pwani sina imani nayo, mimi nitapanda basi la Dodoma siku mbili kabla.