Mtoto anakohoa: hesabu pumzi kabla ya kufungua plaketi

Mimi ni muuguzi hapa Bukavu, upande wa Kadutu. Msimu wa mvua, asubuhi zangu zinaanza na kikohozi. Mama anafungua fundo la kitenge, ndani kuna plaketi ya vidonge vya antibiotiki iliyobaki nusu: "Muganga, nilimupatia mbili tangu jana, lakini kikohozi iko ileile." Nawaandikia ninyi mnaoanza kazi kwenye vituo vya afya na mnaouza dawa sokoni, maana wengi wa watoto hawa wana mafua tu. Mafua ni virusi, na antibiotiki haiui virusi.

Hatua ya 1. Tafuta hatari kwanza. Hanyonyi wala hanywi, anatapika kila kitu, amepata degedege, amelegea na haamki vizuri, au anakoroma kwa ukali akivuta hewa hali ametulia: mpeleke hospitali sasa hivi. Mgonjwa wa chini ya miezi 2, usimtibu kaunta.

Hatua ya 2. Hapa ndipo uamuzi ulipo, kwa hiyo usiwe na haraka. Mama ampakate mtoto, asimnyonyeshe wakati huo. Inua nguo mpaka uone tumbo likipanda na kushuka. Shika saa, hesabu dakika 1 nzima. Ukihesabu nusu dakika na kuzidisha utakosea, kwa sababu mtoto hapumui kwa mwendo mmoja. Akilia, subiri atulie, uanze upya. Miezi 2 hadi 11, pumzi 50 au zaidi ni nyingi. Kuanzia mwaka 1 hadi kabla ya miaka 5, ni 40 au zaidi. Kisha tazama chini ya mbavu: panabonyea ndani kila anapovuta hewa? Kimojawapo kikiwepo, mtibu nimonia. Vyote visipokuwepo, ni ziwa la mama, maji ya kutosha kwa aliyetimiza miezi 6, na arudi mara moja akianza kuhema.

Juzi nilihesabu 36 kwa mtoto wa miaka 2, nikarudia, 37. Mama alikuwa ameshanunua siro ya antibiotiki. Iliniuma kumwambia hela ile imekwenda bure.

Mwenye homa apimwe malaria pia. Magonjwa haya mawili hukutana.

Hatua ya 3. Nimonia ni amoksisilini. Watu wananiomba antibiotiki nyingine, sipro (siprofloksasini) au azitromisini, wakidhani ni kali zaidi. Shirika la Afya Duniani limeziweka hizo mbili kwenye kundi la kutumiwa kwa tahadhari, kwa kuwa vijidudu vinazizoea upesi. Amoksisilini ni ya ukoo wa penisilini, kwa hiyo uliza kama penisilini iliwahi kumvimbisha au kumtoa vipele. Kisha mpime kilo, usikisie. Vidonge vya miligramu 250 vinavyoyeyuka, idadi hii kila asubuhi na kila jioni, siku 5:

- kilo 4 hadi chini ya 10: kidonge 1
- kilo 10 hadi chini ya 14: vidonge 2
- kilo 14 hadi 19: vidonge 3

Dozi ya kwanza anywe mbele yako, mama akiyeyusha mwenyewe kwenye kijiko.

Hatua ya 4. Siku ya 3 arudi, uhesabu tena. Pumzi zikiwa zimeshuka na anakula, amalize siku zake. Zikiwa palepale, usibadili dawa kwa kubahatisha. Mwandikie barua ya hospitali, na ndani yake uweke zile hesabu zako mbili.