Mteja akifoka, achia pedali kwanza

Mimi ni fundi cherehani Kariakoo, makazi Kimara. Msongo wangu unajulikana: sare zilizoahidiwa Ijumaa, umeme kukatika, na foleni ya mabasi ya mwendokasi jioni pale kituo cha Gerezani.

Ukipaniki, mwili unamwaga homoni za msongo, adrenalini na kotisoli. Moyo unaenda mbio, presha inapanda. Mara moja si neno. Ikiwa ni kila siku, usingizi unakata na moyo unalemewa.

Dawa yangu ya papo hapo ni pumzi. Mteja akianza kufoka, naondoa mguu kwenye pedali, mikono naiweka mapajani. Vuta hewa kwa pua ukihesabu hadi nne, tumbo ndilo lijae, mabega yatulie. Itoe polepole hadi sita. Kutoa kwa muda mrefu kuliko kuvuta ndiko kunakopunguza mapigo ya moyo. Rudia dakika mbili tatu, ndipo umjibu. (Wengine wanadhani unawadharau. Waache.)

Halafu punguza ahadi. Nguo ya Ijumaa, sema Jumatatu. Kabla ya kufunga, andika kazi za kesho kwenye daftari, usilale nazo kichwani.

Kahawa, mwisho mchana. Jioni nashuka Baruti, kituo cha kabla ya Kimara, namalizia kwa miguu. Shirika la Afya Duniani linashauri angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki.

Presha pima hata kama hujisikii vibaya. Ikijirudia 140/90 au zaidi, nenda kituo cha afya. Kifua kikibana, usihesabu pumzi, wahi hospitali.