Kabla ya Kuweka VPN kwenye Ruta ya Nyumbani

Anza kwa kuigeuza ruta usome kibandiko cha chini. Modeli peke yake haitoshi. Tafuta toleo, v1, v2 au v3, maana ruta mbili za jina moja huweza kuwa na prosesa tofauti, na programu ya v2 ikipakiwa kwenye v3 ruta inaweza isiwake tena. Ruta za kampuni za intaneti mara nyingi hazina VPN (njia ya siri inayopitisha intaneti yako hadi seva ya mbali) ya kuhudumia nyumba nzima. Ukiliona neno hilo kwenye menyu, huenda ni ruhusa tu ya kupitisha VPN inayoendeshwa na simu yako. Kwa hiyo iache hiyo ilivyo, uweke nyuma yake ruta ya pili yenye OpenWrt (programu huria ya kuendeshea ruta), hifadhi ya flashi isiyopungua MB 16 na RAM MB 128.

Ruta hizo mbili zisitumie anwani moja, 192.168.1.1. Ya pili ipe 192.168.8.1 kwanza, ndipo uchomeke kebo kutoka LAN (tundu la vifaa vya nyumbani) ya ile ya kwanza kwenda WAN (tundu la intaneti) ya hii ya pili.

Chagua WireGuard, mojawapo ya njia za kuunganisha VPN. OpenVPN, njia nyingine, huilemea prosesa ya ruta ndogo, na mtu anayelipia Mbps 50 anaweza kubaki na 15, kisha akailaumu kampuni ya intaneti bure.

Jambo linalosumbua kuliko yote, na wengi hawalifikirii, ni saa. Ruta nyingi hazina betri ya kutunza saa. Umeme ukikatika na kurudi, OpenWrt huanzia kwenye tarehe ya faili lililobadilishwa mwisho. Seva ya WireGuard hukataa salamu (ujumbe wa kwanza wa kuunganisha) yenye muda ulio nyuma ya ule iliokwisha kuupokea, na ruta nayo inajaribu kurekebisha saa kupitia VPN hiyohiyo isiyofunguka. Taa zote zinawaka, intaneti hakuna. Dawa yake iandae mapema: kwenye orodha ya seva za NTP (za kurekebishia saa) andika anwani ya namba, kwa mfano 162.159.200.123 ya Cloudflare, na uitengenezee njia ya kudumu inayopita WAN. Seva ya VPN nayo iandike kwa namba, si kwa jina.

Amua pia VPN ikianguka itakuwaje. Ukifuta ruhusa ya LAN kwenda WAN kwenye faiawoli (kinga ya mtandao), ukabakiza LAN kwenda VPN tu, hakuna kitakachochungulia nje. DNS (inayogeuza majina ya tovuti kuwa namba) iwe ya mtoa huduma wa VPN, na kama hakupi IPv6 (anwani za intaneti za aina mpya), izime. Bila hivyo vifaa vitatoka kwa mlango wa nyuma.

MTU (ukubwa wa juu wa kila pakiti ya data) anza na 1420, au 1412 kama laini yako ni ya PPPoE (inayounganishwa kwa jina na nenosiri). Dalili ya MTU kubwa mno: meseji zinaenda, picha zinazunguka tu, baadhi ya tovuti zinaishia katikati. Shusha hadi 1280.

Andika vifaa vitakavyobaki kwenye ruta ya kwanza, nje ya VPN, hasa runinga na simu yenye programu ya benki, kwani baadhi ya huduma hukataa anwani za VPN. Walioko Tanzania wakumbuke kwamba Oktoba 2023 TCRA (mamlaka ya mawasiliano) iliwataka watumiaji wa VPN kutoa taarifa zao pamoja na anwani ya IP.

Hifadhi nakala ya mipangilio kwenye kompyuta, na uwe na kebo ya mtandao mkononi. Wi-Fi isiwe njia yako pekee ya kuingia siku ya kufanya kazi hii.